Uani kwa Bi Mwanakombo

Tangu nistaafu, nyumba yangu nimeipima mara nyingi hata mke wangu ameanza kuificha futikamba. Nimegundua ukuta wa chumba cha wageni umepinda, mlango wa jikoni umekaa upande, na dari la ukumbini limeshuka kidogo. "Baba Zuhura," ananiambia, "humu tumeishi miaka yote na kupinda kwake, na hatujafa. Kaa chini." Hilo la kukaa chini ndilo lililonishinda. Mtu aliyezunguka juani na baiskeli maisha yake yote humwambii leo atulie kama mwali wa ndani. Basi kaniwekea karatasi na kalamu mbele, kasema, "Andika, walau mkono mmoja ushughulike." Ndiyo haya. Nyinyi vijana mliobaki kule ofisini mkiyataka yasomeni, msipoyataka yafungieni ng'onda.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara haukuwahi kunitosha, hata nikauzoea hivyo hivyo. Ofisi nayo sitaitaja kwa jina. Itoshe kwamba ilikuwa ofisi ya majengo, Tanga, miaka ya hamsini, Mwingereza angali amekaa kitako, na mimi Mbaruku nikaingia humo kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Petro Hoza, mkaguzi wa majengo. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, mrefu, mkavu, kaptula yake ya kaki imenyooshwa hata ungeweza kukatia mkate. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka kwenye nyumba moja iliyokuwa ikijengwa njia ya Pongwe, akanipa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, akasema, "Simama hapo, ining'inize ukutani, usitikisike." Nikasimama. Chuma kikawa kinacheza huku na huku. Nikamwambia, "Bwana Hoza, upepo huu." Akanitazama tangu unyayo hadi utosi. "Upepo haupo. Anayetikisika ni wewe. Una chawa?" Mafundi wakacheka mpaka wakaweka chini makarai. Neno hilo, usitikisike, alinirudia nalo kila siku ya Mungu, na mpaka leo sijaliweza.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Timazi, pimamaji, na futikamba ya kitambaa ambayo jua likipanda ilirefuka, kwa hiyo nyumba zilizopimwa adhuhuri zilikuwa fupi kuliko zilizopimwa asubuhi. Hoza alilijua hilo na hakulisema kwa mabwana wakubwa. "Wakijua," alisema, "wataleta ya chuma, nayo itatukata vidole." Kulikuwa na baiskeli moja kwa watu wawili. Yeye alikaa kitini, mimi nikapiga mbio kando yake nikishika pembe za ramani isipeperuke.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa juu ya mahali pa kusimama. Nyumba zetu za Ngamiani mnazijua: baraza mbele, ukumbi kati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Uani ndiko yalikokuwa maisha yenyewe. Jiko huko, kisima huko, bafu la makuti lisilo na paa huko, na wanawake wamevua mitandio yao wanasuka ukili na kusemana. Hoza alikuwa Mkristo, lakini alipofika kwenye mlango ule alikohoa, akageuka, akarudi. "Uani hakuingiwi," aliniambia, "na kusikoingiwa hakuchorwi." Basi ramani zetu zote za Ngamiani zilikuwa hivyo: nyumba imechorwa kwa mistari mizuri, nyuma yake karatasi nyeupe. Wakaguzi waliomtangulia nao walifanya vivyo hivyo. Tuliona ni adabu, na kwa kweli ilikuwa adabu.

La pili lilikuwa hodi ya juu. Siku hizi sijui kama mnaisikia. Fundi wa paa, au mkwezi wa minazi, kabla hajatia mguu wake kwenye ngazi, alipaza sauti: "Napandaaa!" Kisha akangoja. Mwenye ua uliopakana na ngazi hiyo akajibu, "Panda!" Maana yake wamekwisha kujisitiri. Asipojibiwa hapandi, hata kama mvua inakuja na paa liko wazi. Mkwezi aliyepanda bila hodi hakupewa mnazi wa pili mtaa huo, na nafikiri hata mke hakupewa.

Mkuu wetu alikuwa Mwingereza mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kesho. Jina lake la kweli nimelisahau kwa makusudi. Kiswahili alikijua vizuri, ila neno alilolipenda ni hilo moja. Ukienda na shida ya mfereji uliofurika, kesho. Ukienda na nyumba iliyoangukia njia, kesho. Isipokuwa Raskazone, kule walikokaa wenzake ufukweni. Kule mtu akilalamika kwamba jogoo wa mpishi wa jirani anawika mapema, gari la ofisi lilikwenda siku ile ile, na mimi nikiwa nyuma ya gari nikitumwa kumpimia jogoo banda. Sikuwa na uchungu nalo wakati ule. Uchungu ulikuja baadaye.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, maana naona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Barabara ya Tisa, huko huko Ngamiani, aliishi Bwana Sefu, mfanyabiashara wa ng'onda na chumvi, mtu mnene, mcheshi, mwenye salamu ndefu. Wanawe wawili walioa karibu karibu, nyumba ikajaa. Akaleta maombi ajenge ghorofa juu ya nyumba yake. Ilikuwa ghorofa ya kwanza barabara ile, na watu walikuwa wakija kumpongeza hata jiwe moja halijaletwa. Madirisha ya vyumba vya juu aliyataka upande wa kusini, kwa sababu huko ndiko upepo unakotoka. Hapo humlaumu mtu. Tanga bila upepo utachemka kama maharage.

Upande huo wa kusini ndiko ilikokuwa nyumba ya Bi Mwanakombo. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe, aliirithi kwa mama yake. Hakujaliwa mtoto, na ndugu zake wa kiume walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mumewe alikuwa karani bandarini, mtu mpole, na alikuwa amefariki hivi karibuni. Bwana Sefu mwenyewe alilibeba jeneza. Basi Bi Mwanakombo alikuwa amekaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba alimofia mumewe, hatoki, hajipambi, haonwi na mwanamume wa kando. Na kwa desturi ya akina mama wakali wa zama zile, hata sauti yake hakuipaza akasikika nje. Mambo ya sheria ya dini waulizeni masheikh, mimi nasimulia nililolikuta.

Aliyekuja ofisini alikuwa Bi Tatu, rafiki yake wa tangu ujana, aliyehamia kwake kumtumikia katika eda. Mwanamke mfupi, Mdigo, buibui limefifia, ulimi haujafifia hata kidogo.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ni nani humu mwenye kugawa mbingu?"

Nikamwuliza mbingu gani.

"Hiyo ya juu ya kisima chetu. Tumesikia jirani amepewa. Tukasema tuje tuulize, pengine na ardhi imekwisha kugawiwa, tujue tulale wapi."

Hoza akacheka mezani kwake. Bi Tatu akamgeukia, "Na wewe Mbondei, mtani wangu, wacheka nini? Ndiwe uliyepima?" Hoza akainamia makaratasi yake. Bi Tatu akaeleza, safari hii bila mzaha. Madirisha yale yakifunguka yanaona kisima, yanaona jiko, yanaona ndani ya bafu lisilo na paa. Leo Bi Mwanakombo yumo edani, na hata eda ikiisha, ataoga wapi? "Amenituma niseme hivi," alisema. "Nyumba hii nimezaliwa humo, mume wangu ametolewa humo, na mimi nataka nitolewe humo. Msinifanye niwe mtu wa kujificha kwangu mwenyewe."

Bwana Kesho alitoka chumbani kwake kwa kelele ile. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mimi ndimi mdomo wake."

"Utaratibu unataka mwenye nyumba mwenyewe aje mbele ya kamati, aseme kwa kinywa chake."

"Mwenye nyumba amekaa eda, bwana."

"Atoke kwa saa moja, kisha arudi."

"Loo!" Bi Tatu alijishika kichwa. "Bwana, eda si choo, mtu akaingia na kutoka!"

Nilikimbilia nje nikacheke. Niliporudi kicheko kilikuwa kimeisha. Bi Tatu alikuwa anaomba wajumbe waende nyumbani, wakae ukumbini, Bi Mwanakombo aseme nyuma ya pazia na yeye Bi Tatu awafikishie. Bwana Kesho akasema kamati haiendi majumbani mwa watu. Hoza, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia, akasimama akasema, "Bwana Mkubwa, basi tuliahirishe mpaka eda iishe. Si muda mrefu. Hata Bwana Sefu mawe hajaleta."

Mtu aliyekuwa akituahirishia mifereji mwaka baada ya mwaka, akamtazama Hoza, akasema, "Hapana. Shauri hili wiki hii." Wallahi sijui ilikuwaje. Labda alitaka kutuonyesha kwamba kazi zinakwenda.

Kwenye kamati mimi nilikuwa mshika ramani. Niliitandaza mezani nikashikilia pembe zake. Bwana Kesho akaweka kidole kwenye madirisha ya Bwana Sefu, akakipeleka kusini. "Yanatazama wapi haya? Hapa hapana kitu. Kiwanja kitupu."

"Hapo pana uani, bwana," akasema Hoza.

"Mbona hakuchorwa?"

"Kwa sababu ni uani."

Wajumbe wakacheka. Hoza akaeleza kuhusu kisima, na bafu, na mlango tunaoukoholea. Akaulizwa kama amekiona hicho kisima kwa macho yake. Akasema hapana. Mimi nikaulizwa. Nikasema hapana, lakini nyumba ya mama yangu, Barabara ya Pili, ina kisima uani, na ya shangazi ina kisima uani, na kama yupo mjumbe anayejua nyumba ya Ngamiani isiyo na uani aitaje. Nikaambiwa nishike ramani. Mlalamikaji hakufika, ramani ni nyeupe, kibali kikapita. Mikono ilikuwa inanicheza hata karatasi ikawa inalia mezani, na safari hii Hoza hakuniambia nisitikisike.

Kuanzia hapo sikutulia. Kila nilikotumwa, zamu ya baiskeli ikishakuwa yangu, ilijikuta imepita Barabara ya Tisa. Naenda Chumbageni napita Barabara ya Tisa. Naenda bandarini, ambako ni upande mwingine kabisa, napita Barabara ya Tisa. Nikaona mawe yameteremshwa, nikaona chokaa, nikaona miti ya jukwaa imefungwa, na ngazi imeegemezwa upande wa kusini, miguu yake kwenye uchochoro uliozitenga nyumba mbili. Mlango wa Bi Mwanakombo umefungwa. Barazani kwake hapana mtu.

Fundi wa Bwana Sefu alikuwa Fundi Haji, Mpemba mmoja mwenye heshima zake. Asubuhi ya kuanza kazi alisimama chini ya ngazi, akatia viganja mdomoni, akaita, "Napandaaa!"

Akangoja. Kimya.

Akaita tena. Kimya. Ua wote unamsikia, kisima kinasikika kikichotwa, lakini jibu hakuna. Angejibu nani? Mwenye ua ni Bi Mwanakombo, na Bi Mwanakombo hapazi sauti. Bi Tatu alikuwemo mle mle, ila alipokuja mtu kumwomba mlangoni ajibu yeye, alisema, "Mimi? Mimi mgeni tu humu. Mgeni huruhusu watu kwenye nyumba ya mwenyewe?" Fundi Haji akakaa chini na vijana wake, wakatoa karata.

Siku ya pili vile vile. Napanda, kimya, karata. Siku ya tatu watu walianza kuja kutazama. Bwana Sefu alizunguka uchochoroni jasho linamtoka, mara anamshika Fundi bega, mara anaangalia mawingu, maana masika yalikuwa yanakaribia na paa alikwisha kulifumua. Mkewe, ambaye kila siku alikuwa akimpelekea Bi Mwanakombo uji, hakuwa anamsemesha mumewe. "Panda, Haji, mimi ndiye ninayekulipa!" Fundi Haji akamjibu kwa upole, "Bwana Sefu, nimepiga hodi sikujibiwa. Nikipanda hapa leo, kesho nani atanipa kazi? Na kesho kutwa mamako akifiwa, fundi mwingine atampandia vile vile. Wataka?" Bwana Sefu hakutaka. Lakini kibali anacho mfukoni, kimepigwa muhuri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, nami nilikiona kimya kile kikimpiga mtu mzima mpaka akakonda shavu.

Basi akaja ofisini kulalamika yeye sasa. Mwenye kibali analalamika hawezi kujenga! Bwana Kesho akakasirika. Akatuchukua mimi na Hoza kwenye gari, tukaenda Ngamiani na vumbi letu. Alipofika hakuuliza mtu. Alivua kofia akampa Hoza, akashika ngazi.

"Bwana Mkubwa, kwanza piga hodi," Hoza akamwambia.

"Hodi kwa nani? Hapa ni nje."

"Bwana, tafadhali!" Mimi niliyasema hayo, na nikaishika ngazi kwa mikono miwili, sijui nilitaka kumzuia au kuiegemeza. Alipanda. Viatu vyake vilinipita usoni.

Sisi wa chini hatukuona kitu. Tulisikia. Tulisikia Bi Tatu akipiga ukelele, "Mwanamume juu! Mwanamume juu!" Kisha ndoo ikaanguka kisimani, ikagonga mawe mpaka chini. Kisha miguu inakimbia, miguu ya mtu mzima asiyezoea kukimbia, na mlango ukabamizwa. Baada ya hapo tulisikia mtu analia, taratibu, kwa kujiziba mdomo. Mtaa mzima ulisikia. Bwana Sefu alikaa chini pale pale kwenye rundo la mawe akajifunika uso kwa kofia yake.

Bwana Kesho akateremka, masikio mekundu. Hakututazama. Alichukua kofia yake, akaiweka kichwani kinyumenyume.

"Umeona nini, bwana?" Fundi Haji akamwuliza. Hakumwuliza kwa ujeuri.

"Kesho," akasema, akaingia garini.

Nilikuwa na hasira siku ile ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilitamani niitupe timazi baharini na mimi niifuate. Jioni Bi Tatu alinikuta barabarani akaniambia Bi Mwanakombo hatoki tena hata uani. Anaoga kwenye beseni chumbani, kwenye joto lile, dirisha limefungwa. "Alikuwa na ua ule tu," alisema Bi Tatu. "Mumewe hana, mtoto hana, njia hana. Alikuwa na ua na kipande cha mbingu juu yake. Mmekichukua." Alisema mmekichukua, nami nimesimama mbele yake na fulana ya ofisi.

Kazi ikasimama. Ile kesho ya Bwana Kesho iliendelea wiki hata wiki. Bwana Sefu alifunika nyumba yake kwa makuti ya muda, wanawe na wake zao wakalala wamebanana, mvua ikawanyeshea. Lakini kibali hakikufutwa. Nilipomwuliza Bwana Kesho, alisema eda ikiisha hakutakuwa na kizuizi tena, ghorofa itajengwa na madirisha yake kama yalivyopitishwa. Kwake jambo lilikuwa eda. Hakuelewa kwamba baada ya eda mtu anaendelea kuoga.

Eda ikaisha. Akina mama wakamtoa kwa desturi zao, wakamwogesha, wakamfukiza udi, vigelegele tukavisikia mpaka sokoni. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafuta vumbi mezani, nikaona mabuibui mawili mlangoni. Mmoja ni Bi Tatu. Wa pili ni mwanamke mrefu, mnyoofu, uso mwembamba, ananukia udi. Sikuwa nimemwona maishani, lakini nilimjua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliambiwa nije mwenyewe. Nimekuja." Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini.

Nikampeleka. Mlango wa Bwana Kesho ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na mbele yake pana benchi. Bi Mwanakombo akaketi kwenye benchi, akamtazama.

Bwana Kesho akamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu, bwana. Natazama tu. Endelea na kazi zako."

Akaendelea. Akaandika, akafuta. Bi Mwanakombo anatazama. Akaletewa chai, akainua kikombe, akakirudisha. Akajifuta shingo. Akainuka akafunga mlango, na chumba kile bila mlango wazi kilikuwa tanuri, akaufungua. Bi Mwanakombo yupo, anatazama, hana haraka, hana hasira. Ofisi nzima tuliacha kazi. Bwana Kesho akasimama, akaniita mimi na tarishi, akatuambia tuisogeze meza yake mpaka pembe ya pili, mahali asipoonekana. Tukaisogeza. Bi Mwanakombo akainuka, Bi Tatu akashika ncha ya benchi, wakalisogeza na wao, akaketi, akatazama.

"Bibi, unaniudhi!" akasema Bwana Kesho. "Mtu hawezi kufanya kazi akitazamwa hivi!"

"Kweli, bwana," akasema Bi Mwanakombo. "Na wewe una nguo, na una meza unaweza kuhama nayo. Mimi kisima changu nihame nacho wapi?"

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Bwana Kesho alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya meza. Nilimwona anataka kusema lile neno lake, mdomo umekwisha kufunguka. Hakulisema. Alimwita Hoza. "Yale madirisha ya kusini," akamwambia, "yafutwe ramanini. Waweke vidirisha vidogo juu, karibu na paa, upepo uingie. Leo. Nenda sasa hivi." Kisha akamwambia Bi Mwanakombo kitu ambacho hatukukitegemea. Alimwambia, "Samahani, mama." Bi Mwanakombo akainuka, akainamisha kichwa mara moja, akaondoka, na harufu ya udi ikabaki ofisini mpaka mchana.

Bwana Sefu hakupinga. Nafikiri alikuwa akiomba mtu yeyote amwamuru. Alikwenda mwenyewe barazani kwa Bi Mwanakombo, akamwomba radhi akiwa amesimama nje, na jioni ile mkewe akamsemesha.

Ghorofa ikajengwa. Sisi tulikwenda ukuta wa kusini ulipofika juu, tuupime wima wake kabla haujapakwa chokaa. Tulikuwa uchochoroni, mimi na timazi yangu, Hoza, Bwana Sefu, na Bwana Kesho aliyekuja bila kuitwa, amesimama mbali kidogo na ile ngazi. Fundi Haji akatia viganja mdomoni.

"Napandaaa!"

Kimya. Tukatazamana. Bwana Sefu akaanza kubadili miguu.

"Ngoja!"

Haikuwa sauti ya Bi Tatu. Ilikuwa nzito, ya chini, nayo ilipanda juu ya ukuta bila haraka yoyote. "Nachota maji."

Tukangoja. Tukasikia kamba ikishuka, ndoo ikagusa maji, kamba ikapanda. Maji yakamiminwa mtungini, taratibu. Ndoo ikashuka tena. Jua lilikuwa kali. Bwana Kesho akatazama saa yake, akaficha mkono mfukoni. Mimi miguu ilikuwa inaniwasha, chuma cha timazi kinacheza ukutani, huku na huku, na Hoza akanigusa kiwiko.

"Usitikisike," akaninong'oneza. "Mama anachota maji."

Ndoo ya mwisho ikawekwa chini. Tukasikia mlango wa uani ukifunguliwa, ukafungwa.

"Haya," akasema Bi Mwanakombo. "Panda."